Dachesi Hataki Maji

Zahanati ya Skimu,
Naro Moru
9 Januari 1967

Kwa Mjomba Hezekiah,

Ni mimi Murugi, mtoto wa dada yako Wachuka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Doldol. Hatujaandikiana tangu nilipomaliza masomo ya ukunga, na nisingependa kuanza kwa kuomba. Lakini naomba. Nahitaji farasi.

Nieleze kwa nini. Mvua za mwisho wa mwaka zilichukua daraja la magogo la mto Burguret. Asubuhi moja nikaletewa habari kwamba Watiri, mke wa Gatimu, ana uchungu na mtoto amekaa vibaya. Shamba lao ni lile la mwisho ng'ambo. Landrova ya zahanati ilizama kwenye matope kabla hata hatujauona mto, nikashuka nikatembea. Mtoni nilikuta maji ya kifuani yanakwenda kasi, na mimi sijui kuogelea. Ikabidi nizunguke kwa daraja la barabara kuu, ambalo liko mbali sana. Nilipofika kwa Gatimu walikuwa tayari wamewasha moto wa kuwapikia waombolezaji chai.

Sikuandikii unihurumie, Mjomba. Nakueleza njia ilivyo.

Wazungu wengi wa huku wameuza mashamba wakaenda, yakagawiwa watu, ndiyo hii skimu yetu. Farasi wao wengine wamepigwa risasi, wengine wanazurura kwenye nyua za watu wasiojua la kuwafanya. Watu wanataka kunipa, lakini mimi sijui kuchagua, na hao waliobaki naona wamezeeka. Nasikia kikosi chenu huwaacha farasi wasiofaa kwa kufukuza wezi wa ng'ombe. Labda mmoja anafaa kubeba mkunga.

Sijawahi kupanda. Mimi si mzito, na siogopi wanyama.

Mama anasema wewe huwa hujibu barua za watu. Nijibu hata kama ni hapana.

Mpwa wako,
Murugi


Kikosi cha Doria ya Mifugo,
Doldol
24 Januari 1967

Murugi,

Mwambie mama yako nimejibu. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika kazini. Kikuyu changu ni cha mdomo tu.

Farasi yuko. Ni jike, rangi ya kahawia, mguu mmoja wa nyuma mweupe. Aliachwa na Mzungu wa Timau aliyekuwa akimwita Duchess, nasi hapa tunamwita Dachesi. Askari wanamkataa kwa mambo mawili. Wanasema ana mdomo mgumu, na wanasema hataki maji.

La kwanza si kweli. Hakuna farasi mwenye mdomo mgumu, kuna watu wenye mikono migumu. Farasi huvutwa na kuvutwa mpaka anaacha kusikia, kama mtoto anayepigiwa kelele kutwa. La pili ni kweli, nami sikufichi. Unataka farasi wa kuvuka mto, na mimi nina farasi asiyetaka mto. Ni huyu au hakuna. Mkubwa wetu amekubali akae kwako mpaka mwisho wa mwaka. Akifaa, atabaki. Asipofaa atarudi huku, na farasi anayerudi huku mara ya pili huwa chakula cha mbwa wa doria.

Ngatia, dereva wetu, atamleta kwa lori la ng'ombe. Akishuka, usimpande. Najua una haraka. Kaa naye tu. Mpige brashi, mwinue miguu mmoja mmoja, mwendee kwa upande wa bega la kushoto mahali anapokuona. Sema naye, lolote. Anasikiliza sauti, maneno hayamhusu. Ukisimama akakujia mwenyewe bila kuitwa, ndipo umwekee tandiko. Hiyo inaweza kuchukua muda. Acha ichukue.

Ukishampanda, shika hatamu kama unavyomshika ndege mdogo mkononi. Ukibana anakufa, ukiachia anaruka. Unapomtaka jambo, omba kidogo. Akikupa, hata nusu yake, legeza papo hapo. Watu wengi hudhani farasi hujifunza anapovutwa. Hujifunza pale unapoacha kuvuta.

Kaa wima. Kisigino chini. Tazama unakokwenda, ukitazama masikio yake, mtaenda kwenye masikio yake.

H. Theuri


Naro Moru
22 Februari 1967

Mjomba,

Dachesi amefika, na Ngatia akaondoka kwa haraka kama mtu aliyeleta mgonjwa wa ndui.

Nimefanya ulivyosema. Kila jioni baada ya kazi nilisimama uani na brashi. Moffat, karani wetu, alikuwa akiegemea ua na kikombe chake. "Sista, ati unamwomba farasi ruhusa?" Nikamwambia ndiyo. "Na akikataa?" Nikamwambia nitaomba tena kesho. Akaenda kuwaambia watu kwamba mkunga ameanza kuchanganyikiwa. Halafu jioni moja nilikuwa nimemgeuzia mgongo, nafikiria mambo ya kliniki, nikasikia pumzi ya moto shingoni. Alikuwa amekuja mwenyewe. Moffat alimwaga chai.

Tandiko ulilotuma lilimchubua. Nikaenda Nanyuki, dukani kwa Vallabhdas, kutafuta blanketi la kuweka chini yake. Binti yake, Manorama, akaniuliza farasi wangu ana mgongo wa namna gani, mpana au wa kuchongoka. Nikasema sijatazama. "Rudi ukamtazame," akasema, "kisha uje ununue." Nikarudi, nikamtazama, ni wa kuchongoka, nikaenda tena nikanunua. Sasa hachubuki.

Nimeanguka mara kadhaa. Sitakuandikia zote. Nyingine ni kwa sababu nilikuwa nikitazama masikio yake.

Kuhusu mikono: sijawahi kushika ndege. Lakini nimeshika vichwa vingi vya watoto wakati wanatoka, na mtoto humvuti wala humwachi. Unamzuia asije kwa kishindo, naye anakuja. Nikishika hatamu hivyo Dachesi anashusha shingo na kutafuna chuma cha lijamu taratibu. Nikisahau, anatupa kichwa juu. Je, ni sawa?

Mvua ni mwezi wa nne. Nifundishe maji.

Murugi


Doldol
8 Machi 1967

Murugi,

Ni sawa. Mfano wako ni bora kuliko wangu. Nimewaambia askari wa mafunzo washike hatamu kama kichwa cha mtoto anayezaliwa. Walicheka, lakini mikono yao imelainika.

Sasa maji. Farasi hawezi kupima kina cha maji akiwa ameinua kichwa. Kwake mto ni shimo linalong'aa. Anahitaji kushusha kichwa, anuse, apige maji kwa kwato, asikie chini kuna nini. Askari humvuta kichwa juu wakati huo huo anapotaka kukishusha, kisha wananiandikia kwamba amekataa. Hajakataa maji. Amekataa kuingia shimoni amefumbwa macho.

Mwaga ndoo ya maji uani. Mpitishe. Akisita, subiri, hatamu ndefu, miguu yako imemgusa kidogo ubavuni bila kumpiga. Akisogea, legeza kila kitu. Kutoka ndoo nenda kwenye mfereji, kutoka mfereji nenda mtoni siku maji ni machache. Asiingie siku ya kwanza. Anywe tu, mwondoke. Unataka aende nyumbani akijua kwamba mto ni mahali pa kunywa maji.

Usigombane naye pale. Ukigombana naye mtoni mara moja tu, atakuwa na vitu viwili vya kuogopa, mto na wewe.

Na usipande ukiwa na hasira. Hasira hupita kwenye mapaja. Yeye huijua kabla yako.

H. Theuri


Naro Moru
11 Aprili 1967

Mjomba,

Mvua imefika. Daraja jipya la magogo lilikaa hadi Jumapili, likaenda.

Ndoo tulimaliza. Mfereji wa skimu anauvuka bila kufikiri. Mtoni amekunywa, na wiki iliyopita aliingiza miguu ya mbele, akasimama pale maji yakimpita kama mtu aliyesahau alichofuata. Nililegeza hatamu, nikamshukuru. Lakini hiyo ilikuwa kabla ya mvua. Sasa maji yamekuwa ya rangi ya chai, yanabeba matawi. Nilimpeleka jana, akatazama kutoka mbali, nikarudi naye.

Ng'ambo nina akina mama watatu wanaosubiri. Wawili wamekubali kuhamia kwa ndugu zao upande huu. Wa tatu ni Magdaline, mke wa Ndungu. Ana kuku, ana ng'ombe anayekamuliwa, anasema hawezi kuhama.

Nisalimie Ngatia.

Murugi


Naro Moru
17 Mei 1967

Mjomba,

Samahani kwa kukaa kimya. Kazi ni nyingi.

Nina swali moja. Farasi akiogopa kitu, hukumbuka kwa muda gani?

Hapa wote wazima. Dachesi ana kidonda kidogo mdomoni, kinapona.

Murugi


Doldol
26 Mei 1967

Murugi,

Hukumbuka daima. Lakini anaweza kujifunza jambo lingine juu ya lile la kwanza, likalifunika.

Kidonda cha mdomoni kimetoka wapi?

H. Theuri


Kwa Ndungu, Ng'ambo ya Burguret
30 Mei 1967

Kwa Mzee Hezekiah wa farasi,

Mimi naitwa Magdaline, bibi ya Ndungu. Hatujuani. Adresi yako nimepewa na Moffat wa zahanati. Sista Murugi hajui naandika, yeye si mtu ya kujisifu, ndiyo maana nimeona mimi niseme. Niko na mtoto kijana, ako na wiki tatu, na yeye na mimi tuko hai kwa sababu ya Sista na farasi yako.

Mimi nilizaa asubuhi, mama mkwe wangu akanisaidia, mtoto akatoka vizuri. Lakini damu ilikataa kusimama. Ndungu akakimbia kwa mto kuita. Ng'ambo ile ingine kulikuwa na watu wanachunga, wakapeleka habari, Sista akakuja na farasi mbio.

Mimi sikuona. Ni Ndungu aliona, na ameniambia yote. Mto ilikuwa imejaa. Farasi ilifika kwa maji ikasimama. Sista akaiongelesha pole pole. Ikateremsha kichwa, ikanusa, ikarudi nyuma. Akaizungusha, akairudisha. Ikarudi nyuma tena. Ndungu akapiga kelele, "Sista, damu ni mingi! Kitanda imejaa!" Basi Sista akashuka chini, akavunja fito ya mti, akapanda. Akaipiga hiyo farasi, Mzee. Akaipiga kwa miguu ya nyuma, kwa tumbo, kwa shingo, na kamba ya mdomo amevuta mpaka povu ikawa nyekundu. Ndungu alikuwa kizuizini wakati wa imajensi ya Wazungu, ameona mambo, lakini ati anasema hajaona mtu akipiga kitu namna hiyo. Na Sista alikuwa analia huku anapiga. Farasi ikapiga kelele ikaruka ndani ya maji. Maji ikafika kwa tandiko. Wakabebwa kidogo, halafu farasi ikapata mawe, ikatoka huku kwetu inatetemeka yote.

Sista aliingia nyumba maji inamtoka. Aliweka mkono yake ndani na ingine juu ya tumbo, akafinya, akafinya mpaka damu ikachoka yenyewe. Mimi nilikuwa naona giza. Aliniambia, "Magdaline, ukifunga macho nitakuchapa na wewe." Nikacheka, nikafungua.

Mtoto tumemwita Mutahi, jina ya baba ya Ndungu.

Sasa tafadhali Mzee, umwandikie umsifu. Huku hakuna mtu wa kumsifu, na tangu siku hiyo hana furaha. Na farasi umesomesha vizuri sana. Mungu akubariki.

Ni mimi,
Magdaline


Doldol
9 Juni 1967

Murugi,

Nimeandikiwa na Magdaline wa ng'ambo. Ana afya, na mtoto ananyonya. Ananiomba nikusifu. Nakusifu.

Sasa nijibu haya. Kidonda kiko pembeni mwa mdomo au juu ya ufizi mahali chuma kinapokaa? Anakula majani magumu? Anakuja unapoingia uani? Akiona mkono wako juu anafanya nini?

Toa lijamu. Asiwekewe chuma chochote mdomoni mpaka nikuambie. Paka kidonda maji ya chumvi. Usimpeleke mtoni, hata kunywa. Mletee maji kwa ndoo.

H. Theuri


Naro Moru
15 Juni 1967

Mjomba,

Umeandika "Nakusifu" kama karani anavyogonga muhuri.

Nitajibu maswali yako. Kidonda kilikuwa juu ya ufizi na pembeni pia. Sasa kimefunga. Anakula. Hajongei ninapoingia, anageuza makalio ukutani na kunitazama kwa jicho moja. Nikiinua mkono anatetemeka mpaka vipande vya ngozi vinaruka vyenyewe. Hata ufagio hauvumilii. Moffat akitaka kufagia ua lazima amtoe Dachesi kwanza, na Moffat anaweza kumtoa. Mimi siwezi.

Na mimi nina swali. Ungetaka nifanye nini? Nimsubiri ashushe kichwa? Alishusha. Alinusa, akaona kile kile nilichokiona mimi, kwamba yale maji ni mabaya. Alikuwa na haki. Mwenye kutaka tupite ni mimi. Wewe una ua, una askari, na farasi wako akikataa leo unampeleka zizini na kumjaribu kesho. Magdaline hakuwa na kesho.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utaniuliza habari za ufizi.

Kama hali hiyo itatokea tena nitavunja fito nyingine. Nataka ujue hivyo kabla hujaniandikia mafundisho mengine.

Murugi


Doldol
24 Juni 1967

Murugi,

Sikukulaumu. Naandika kwa ufupi kwa sababu sijui kuandika kwa urefu.

Ningekuwa mimi pale mtoni, ningevunja fito mapema kuliko wewe. Ulifanya lililopasa. Na farasi ameumia. Hayo mawili yote ni kweli, na moja halifuti jingine. Kuhusu mama na damu sina la kusema, hiyo ni kazi yako. Mimi huuliza habari za ufizi kwa sababu ndizo ninazozijua.

Kuna jambo la kuamua, nalo ni lako. Hapa nina farasi dume aliyehasiwa, kijana, mtulivu. Huvuka maji. Atakuwa tayari mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Mkubwa anakubali tubadilishane. Ukimchukua huyo utakuwa na farasi wa kuaminika, na akina mama wako wa ng'ambo watakuwa salama zaidi. Dachesi atarudi huku. Nilikwisha kukuambia anayerudi huku huwaje.

Ukimbakiza Dachesi, utaanza upya, kuanzia brashi, na inawezekana asivuke mto tena maisha yake yote. Siwezi kukuahidi. Nimeona farasi waliosamehe na nimeona wasiosamehe, na sijawahi kuweza kubashiri ni yupi atakuwa yupi.

Fikiria kama mkunga. Usifikirie kama mtu mwenye huruma.

Nina likizo kuanzia mwisho wa mwezi wa nane.

H. Theuri


Naro Moru
1 Julai 1967

Mjomba,

Nimefikiria kama mkunga. Farasi anayejua kwamba mto unaweza kumuua, na aliyewahi kuuvuka, ananifaa kuliko asiyejua.

Labda si hivyo. Labda nimetafuta maneno ya kuandika baada ya kuamua.

Abaki. Njoo.

Murugi


Naro Moru
10 Septemba 1967

Mjomba,

Nashukuru kwa kukaa nasi. Mama amefurahi kwamba ulipitia kwake Nyeri ukielekea nyumbani Kianyaga. Anasema ulikula vizuri.

Moffat bado anasimulia. Kila mgonjwa anayepanga foleni lazima aelezwe jinsi mzee wa Sista alivyoshuka basi akitembelea fimbo, akafika uani, Dachesi akaiona ile fimbo na kuanza kutetemeka; na jinsi mzee alivyoitupa fimbo juu ya ua mpaka kwenye viazi vya watu, akaingia bila kitu, akichechemea, akishika hewa. Moffat huigiza mpaka kuchechemea kwenyewe. Anasema ulianguka magotini katikati ya ua, ukakaa hapo hapo matopeni kama uliyekuja kukaa, ukaanza kumhadithia farasi bei za ng'ombe wa Doldol. Na kwamba jua lilikuwa limehama kabisa Dachesi alipokuja, akakunusa kofia, na wewe hukuinua mkono.

Mimi nilikuwa dirishani na mama mwenye mimba ya miezi minane. Nilimwambia asubiri kidogo. Akasema hata yeye anataka kuona.

Sasa nafanya ulivyonionyesha. Hana chuma mdomoni, ni kamba ya kichwa tu. Nampanda uani na kwenye njia ya shule. Nikitaka asimame naacha kupumua kwa muda, nakaa mzito, anasimama. Sikujua kama hilo linawezekana. Miezi yote ile ya kwanza nilikuwa nikimsimamisha kwa mdomo, kumbe angeweza kusimama kwa mgongo wangu tu.

Siku zingine bado ananigeuzia makalio. Naondoka, narudi baadaye.

Mtoni nilikwenda naye Jumamosi, bila kumpanda. Alisimama mbali. Nilikaa kwenye jiwe nikala muhogo. Tukarudi.

Kuna jambo sikukuuliza ulipokuwa hapa. Mimi ni mkunga, Mjomba, najua nyonga iliyovunjika ikaunga vibaya. Barua zako zote zinasema farasi hufanya hivi na farasi hufanya vile. Hakuna hata moja inayosema "nilipanda".

Murugi


Kianyaga
18 Septemba 1967

Murugi,

Mguu ni wa mwaka juzi. Tulikuwa tunafuata nyayo za ng'ombe walioibwa, farasi wangu akateleza kwenye mwamba akaniangukia. Yeye alivunjika shingo. Mimi nikabaki. Tangu hapo nafundisha nikisimama katikati ya ua. Askari wapya wanadhani ni ukali.

Sikukuambia kwa sababu watu hawapendi kufundishwa kupanda na mtu asiyepanda. Pia kwa sababu nilipopata barua yako ya kwanza, ulikuwa umepita muda mrefu bila mtu kuniuliza jambo la farasi kwa kutaka kujua.

Kahawa huku imezaa sana. Mama watoto ananiambia nirudi shambani moja kwa moja. Bado namwambia nitafikiri.

Endelea na kamba. Muhogo ulikuwa wazo zuri.

Hezekiah


Naro Moru
21 Novemba 1967

Kwa Mjomba,

Jana nilivuka Burguret.

Nilikuwa kliniki, asubuhi, mvua inanyesha tangu juzi. Akaja mtoto wa dada yake Gatimu. Gatimu ameoa tena, na mke mpya alikuwa na uchungu. Unajua nilivyolisikia jina hilo. Nikachukua mfuko, nikamwekea Dachesi tandiko na kamba yake, nikaenda.

Mto ulikuwa umejaa, si kama mwezi wa tano lakini umejaa. Dachesi alisimama. Mimi nilikaa mzito, nikamwachia shingo. Akashusha kichwa, akanusa, akarudi nyuma. Nikangoja, akanusa tena, akarudi nyuma tena. Kisha akageuza kichwa akanitazama mguu, nikajua anatazama kama nina fito.

Nilikuwa nimeapa kwako kwamba nitavunja nyingine. Miti ipo pale pale, inafikika kwa mkono. Sikukusudia kutoivunja, Mjomba. Nataka kukuandikia kama ilivyokuwa. Nilinyoosha mkono nikashika tawi. Mwili wake wote ukaganda chini yangu, kama mama anapoganda kwa hofu katikati ya uchungu, na mama aliyeganda hazai. Nikaliachia tawi. Si kwa wema. Nilijua tu kwamba kwa njia hiyo hatufiki.

Nikashuka. Nikafunga mfuko kichwani kwa kitambaa. Nikashika ncha ya kamba, ndefu, imelegea, nikaingia majini mimi kwanza.

Maji yalikuwa baridi ya mlimani. Yalifika magotini, kiunoni, chini ya matiti. Nilikuwa namwambia maneno, sijui yapi, nadhani nilikuwa nahesabu dawa zilizo kabatini. Sikutazama nyuma. Ulisema mtu atazame anakokwenda, nikatazama mti wa ng'ambo. Kamba ilikuwa bado imelegea, nikajua bado amesimama ukingoni, na kwamba ikikazika sitaivuta, nitaiachia niende peke yangu, na kama maji yatanichukua yatanichukua.

Haikukazika. Nikasikia mshindo wa maji nyuma yangu, kisha nikaona kifua chake upande wa juu wa mto, kikivunja nguvu ya maji kabla hayajanifikia mimi. Nilishika singa zake. Mahali pa katikati miguu yangu iliacha kugusa chini, yeye bado anagusa. Ndivyo nilivyovuka, nimening'inia shingoni mwa farasi niliyempiga mpaka damu. Sijui kama amenisamehe. Sijui kama farasi husamehe au huamua tu mambo siku kwa siku.

Kwa Gatimu nilikuta moto jikoni, nikakumbuka ule wa chai ya waombolezaji. Lakini ulikuwa wa uji wa mzazi. Msichana alikuwa amekwisha zaliwa, bila msaada wangu wala wa mtu mwingine, analia vizuri. Mama yake akanitazama kutoka kitandani, "Sista," akasema, "ati leo umeoga kwetu?" Nikakagua kila kitu, kondo la nyuma lilikuwa zima, damu kidogo. Nikakaa chini nikacheka mpaka Gatimu akaniletea blanketi. Alitaka kusema jambo juu ya marehemu Watiri. Alianza mara mbili, kisha akaniambia nimalize uji.

Hakukuwa na mgonjwa aliyenisubiri upande wangu. Kwa hiyo tulirudi kwa njia ndefu ya barabara kuu, polepole. Mwambie mkubwa wenu farasi habadilishwi, na yule dume mpeni mtu mwingine.

Nimesahau jambo moja. Nilipokuwa ndani sikumfunga Dachesi vizuri, akaingia kwenye bustani ya jirani na kula kabichi mbili kabla sijamwona. Mwenye bustani alikuja na maneno mengi. Akaona nguo zangu zinavyochuruzika, akautazama mto, akamtazama farasi, akang'oa ya tatu akampa kwa mkono wake.

Mpwa wako,
Murugi